Kliniki ya wamama pale Nguba: tulienda juu ya maziwa yanatoka na mtoto alishaacha kunyonya zamani

Naona wanawake wengi wa hapa Bukavu wanaulizana chini chini waende wapi, maziwa ama majimaji yanatoka kwenye matiti na hawanyonyeshi, sasa nimeamua niandike juu ya hii kliniki ndogo iko Nguba nilipopeleka mdogo wangu. Yeye mwenyewe ameniruhusu ila hakutaka niweke jina la kliniki juu familia ya bwana wake iko karibu pale, basi mwambie tu motari kliniki ya wamama ya Nguba, atakufikisha.

Mdogo wangu mtoto wake wa mwisho anakula bugali na samaki vizuri, aliacha ziwa kitambo. Halafu maziwa yakaanza kutoka tena, matiti yote mawili, na mwezi wake ukakatika. Alikuwa anakunja kipande cha kitenge anaweka ndani ya sutie ya kifua ili blauzi isilowe. Mama mkwe aliona kile kitambaa kwenye kamba ya nguo akaanza maneno: "Huyu mimba ametupa wapi?" Kila mtu na lake, mwingine anasema ni pepo, mwingine anasema ni mtoto wa nje, na yeye ananiambia "Yaya, mi sina mimba, nimepima, sina." Inauma sana kuona mwanamke anahukumiwa na mwili wake mwenyewe wakati hakuna hata mmoja aliyempeleka kwa munganga.

Sasa kitu kimoja kilichonifanya niiheshimu hii kliniki: wanauliza kabla ya kuchoma sindano. Hapa kwetu umezoea, unafika mahali, hujamaliza hata salamu unaandikiwa labo ya malaria na tifoidi. Pale dokta mama alimkalisha, akafungua fishi, swali la kwanza lilikuwa: "Mama, unakunywa dawa gani?" Mdogo wangu akasema hakuna. Dokta akarudia polepole, hata ya tumbo? ya presha? ya kulala? ya kupanga uzazi? ya kienyeji? Pale kwenye ya tumbo mdogo wangu akanyamaza kidogo, akafungua sakoshi, akatoa plaketi iliyobaki vidonge vichache. Dokta akaipindua mgongo, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha akasoma yale maandishi madogo. Domperidone. Alikuwa anainywa mara tatu kwa siku, miezi mingi, juu ya tumbo kujaa gesi na kichefuchefu, na farmasi aliyokuwa ananunua ilikuwa inamuongezea tu bila ordonansi, hakuna aliyewahi kumuuliza unaendelea mpaka lini.

Maelezo yake nilipenda sana juu aliongea Kiswahili chetu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari, hiyo njo inatoa prolaktini, homoni inayoamuru matiti yatengeneze maziwa. Ubongo unaizuia muda wote kwa kitu kinaitwa dopamini. Domperidone, na metoclopramide pia ambayo watu wengi wanaijua kama Primperan, zinaifungia dopamini njia, basi prolaktini inapanda na matiti yanatii, yanafikiri kuna mtoto. Na prolaktini ikiwa juu inazima pia yai, mwezi unakatika, mimba haiingii. Kuna nchi wanaitumia domperidone makusudi kwa wamama ambao maziwa ni kidogo, lakini Marekani mamlaka yao ya dawa ilitoa onyo tangu 2004 juu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hii ni dawa watu wanaibeba kwenye mkoba kama pipi!

Hakuishia hapo na hili njo nataka msome vizuri, juu dawa ya tumbo ingeweza kuwa si sababu. Kwanza alirudia kipimo cha mimba, alisema hicho hakirukwi kwa mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa, na mimba yenyewe inaweza kutoa majimaji ya njano njano hata kabla ya kujifungua. Halafu akauliza kichwa kinauma? Unaona vizuri pembeni ama unagongana na watu sokoni? Akamwambia atazame pua yake, akawa anasogeza kidole toka upande wa sikio, aseme anapokiona. Ni kwa sababu kile kitezi cha ubongoni kinaweza kuota uvimbe unaotoa prolaktini nyingi, na ukikua unaminya mishipa ya macho. Ila alitutuliza kabla hatujaanza kulia: uvimbe huo karibu kila mara si kansa, na mara nyingi unapungua kwa vidonge, cabergoline ama bromocriptine, bila kupasuliwa.

Halafu akamshika shingo, akamwambia ameze mate. Pale kwenye benchi tulikuwa tumekaa na mama aliyevuka kwa boti toka kisiwa cha Idjwi, ana rovu kabisa, na kumbe naye alikuja juu ya maziwa. Idjwi watafiti wa rovu wameijua miaka mingi, udongo hauna iodini ya kutosha, na muhogo usioloweshwa vizuri unazidisha. Tezi ya shingo ikilegea, ubongo unazidisha amri ya kuiamsha, na amri hiyo hiyo inaamsha prolaktini. Kwa mtu kama huyo dawa si ya matiti, ni ya tezi, na maziwa yanakauka yenyewe.

Kuangalia matiti yenyewe alifanya kwa heshima, infirmie (nesi) mwanamke alikuwepo. Alibonyeza taratibu, akapokea tone kwenye gaze nyeupe akatuonyesha: jeupe, linatoka matundu kadhaa, pande zote mbili. Alisema gaze nyeupe ndiyo inasema ukweli juu kwenye nguo ya rangi hauoni kitu. Maziwa pande mbili mara nyingi ni habari ya homoni ama dawa. Majimaji ya kijani ama kahawia mazito, hasa kwa mama anayekaribia kukoma hedhi, mara nyingi ni mifereji ya titi imetanuka. Usaha na titi la moto na homa, hiyo ni maambukizi, usikae nyumbani. Lakini damu, ama maji yasiyo na rangi kabisa kama ya kisima, yanatoka yenyewe bila kubonyeza, titi moja, tundu moja, hapo lazima ekografi (ultrasaundi) na vipimo vingine haraka. Mara nyingi hata hiyo inakuwa kinyama kidogo kisicho kansa ndani ya mfereji, ila kansa nayo inaweza kuanza hivyo, na ukiwa na uvimbe ama ngozi inavutwa ndani usingoje hata wiki. Wanaume pia, maji yakitoka kwenye chuchu ya mwanaume aende, asione haya.

Damu ya prolaktini hawakutoa siku ile, alisema kushikwa matiti kunaipandisha kidogo, na stresi pia, tukarudi asubuhi nyingine na akakaa ametulia kwanza, si mtu anafika anahema ametoka kupanda Kadutu. Waliangalia na tezi ya shingo na figo pia, juu figo zikichoka prolaktini inabaki mwilini. Majibu: tezi sawa, figo sawa, prolaktini imepita kiasi. Kwa mwanamke kawaida ni chini ya 25 hivi (nanogramu kwa mililita), ikipita 200 njo wanafikiria sana ule uvimbe, ya kwake ilikuwa mbali na huko. Wakakata domperidone, wakamtibu tumbo kwa njia nyingine, maziwa yakapungua mpaka yakaisha, mwezi ukarudi, na kipimo cha marudio kikawa kizuri. Alikatazwa pia kujikamua kila jioni kuangalia kama bado yapo, maana kule kukamua kwenyewe kunaambia matiti mtoto bado ananyonya.

Ila angalieni, usisome hapa ukaacha dawa zako. Dawa nyingi za magonjwa ya akili, haloperidol, risperidone, zinaleta maziwa vilevile, na methyldopa ya presha ambayo wanapewa wamama wajawazito nayo inaweza. Hizo unaongea na munganga aliyekuandikia, akubadilishie yeye, kuacha ghafla kunaweza kukuletea balaa kubwa kuliko maziwa.

Kingine kilichonigusa, kuna mama kijana alikuja na mtoto mchanga, kitoto cha kiume, vititi vimevimba vinatoa tone la maziwa na bibi alikuwa anavikamua nyumbani ili "uchafu utoke". Infirmie alimkalisha bibi mwenyewe, si mama, akamwambia kwa adabu: "Bibi, hii ni homoni ya mama yake, iko inaisha yenyewe kwa wiki chache, ukikamua utaleta usaha." Bibi akauliza maswali yake yote akajibiwa yote. Huo uvumilivu sijauona mahali pengi.

Mabaya yapo. Pale mapokezi kijana anakuuliza kwa sauti "umekuja juu ya nini?" mbele ya benchi nzima, wanaume wamo, mdogo wangu aliona haya mpaka akataka kurudi. Hiyo lazima waibadilishe, waweke karatasi mtu aandike. Chumba cha kuangalia matiti kina pazia badala ya mlango, na upepo wa ziwa unalipeperusha. Bei hawabandiki ukutani, unaambiwa moja moja, konsultasio ilikuwa dola 5 ila prolaktini wanaipeleka labo kubwa mjini na inalipwa mbali, ilikuwa ghali kuliko vyote, ulizeni kabla hawajachukua damu. Kusubiri ni kurefu, beba maji na kitu cha kula kama una mtoto.

Nawapa 4 kwa 5, ile moja inabaki kwa lile pazia na kijana wa mapokezi. Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili hakuna, ekografi ya matiti wanafanya Jumanne na Ijumaa tu. Ukienda beba plaketi za dawa zote uko nazo nyumbani, hata zilizoisha, na vaa nguo ya vifungo mbele.