Tasman 1642, Cook 1769: Wamaori walikutanaje na Wazungu?

Mababu wa Wamaori walifika Aotearoa, New Zealand ya leo, kwa mitumbwi kutoka Polinesia ya Mashariki, yapata karne ya 13. Mzungu wa kwanza kuwafikia alikuwa Abel Tasman, nahodha wa Kiholanzi, Desemba 1642.

Jioni ile wenyeji walipuliza baragumu wakiwa mitumbwini. Waholanzi wakajibu kwa tarumbeta, wakidhani ni salamu; yaelekea ulikuwa wito wa vita, nao wakauitikia bila kujua. Kesho yake mtumbwi uligonga mashua ya Waholanzi, mabaharia wanne wakauawa. Tasman akang'oa nanga bila kukanyaga nchi kavu.

James Cook, nahodha wa Kiingereza, alikuja Oktoba 1769, naye akaanza kwa damu: mara tu waliposhuka pwani, watu wake walimpiga risasi Mmaori aitwaye Te Maro, akafa. Lakini melini alikuwemo Tupaia, kuhani na baharia kutoka Raiatea, kisiwa cha Polinesia ya Mashariki. Aliposema kwa lugha yake, Wamaori walimwelewa, ingawa mababu zao walikuwa wametengana karne nyingi. Kwangu mimi, tofauti kubwa ya safari hizi mbili ni huyu mtu mmoja. Hakuweza kuzuia risasi zote, ila kupitia kwake watu waliulizana habari na kubadilishana vitu. Kuna picha aliyoichora mwenyewe: Mmaori ameshika kamba mkubwa wa baharini, Mzungu ananyoosha kitambaa, na hakuna aliyeachia chake bado.