ClinicalTrials.gov: maneno mepesi ndiyo yenye mitego

Anayefungua ClinicalTrials.gov kwa mara ya kwanza huogopa maneno marefu, kumbe si hayo yatakayomponza. Jina la dawa lenye silabi kumi atalitafutia maana. Yanayomponza ni yale anayodhani anayajua: “completed”, “serious”, “significant”. Ni maneno ya kila siku, lakini humu yamepewa maana ya kisheria au ya kitakwimu, na ukurasa wenyewe haumshtui msomaji.

Tovuti hii ni sajili ya majaribio ya tiba inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ilifunguliwa Februari 2000, sehemu ya matokeo ikaongezwa Septemba 2008, na sasa ina tafiti zaidi ya 500,000. Ni bure na huhitaji kufungua akaunti. Kila utafiti una namba yake: NCT ikifuatwa na tarakimu 8. Anza na namba hiyo. Katika makala za kitaalamu mara nyingi huwa mwishoni mwa muhtasari. Inakili, ibandike kwenye kisanduku cha kutafutia, na utafika moja kwa moja. Ukitafuta kwa jina la dawa maarufu utaletewa mamia ya kurasa na kupotea.

Mtego wa kwanza uko juu kabisa ya ukurasa, kwenye hali ya utafiti. “Completed” maana yake utafiti umefika mwisho wake wa kawaida. Haisemi kama dawa ilifanya kazi. “Terminated” ni utafiti uliosimamishwa kabla ya wakati na hautaendelea. Hapo usikimbilie kudhani dawa iliua watu: soma mstari wa sababu, kwa kuwa huenda washiriki hawakupatikana au fedha ziliisha. “Withdrawn” ni utafiti uliofutwa kabla ya kumwandikisha hata mshiriki mmoja, na hauhusiani na dawa kuondolewa sokoni. “Unknown” ni utafiti ambao tarehe yake ya kumalizika imepita na wahusika hawajathibitisha hali yake kwa zaidi ya miaka 2. Faharasa ya tovuti inaeleza haya yote kwa usahihi, lakini lazima uifungue mwenyewe.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna tabaka la pili la mitego: tafsiri tulizozizoea. “Randomized” hutafsiriwa “bila mpangilio”, ikasikika kama kazi ya ovyo, wakati ni kinyume chake: washiriki wamegawanywa kwa kura ili mtafiti asichague nani apewe nini. Plasebo, yaani kidonge au sindano isiyo na dawa inayopimwa, huitwa “dawa bandia”, jina tunalozipa dawa za matapeli. Heri kubaki na plasebo. Na kipengele cha kuficha nani kapata nini kisomwe mpaka mwisho. Tovuti huhesabu pande nne: mshiriki, mhudumu, mtafiti na anayepima matokeo. Kikiandikwa “Double”, ni pande mbili zozote kati ya hizo, kwa hiyo angalia zilizotajwa. Kama anayepima matokeo hayumo na kinachopimwa ni maumivu au hisia za mtu, matokeo yapokee kwa tahadhari.

Kichupo bora kuliko vyote ni “Record History”, na ndicho wasomaji wengi wanakipita. Kinaonyesha kila toleo la ukurasa tangu uliposajiliwa, na unaweza kuweka matoleo mawili ubavu kwa ubavu. Chukua la kwanza na la mwisho, kisha linganisha kigezo kikuu cha matokeo, yaani kile kitu kimoja ambacho watafiti waliahidi kukipima kabla ya kuanza. Tazama mambo matatu: kigezo chenyewe, namna ya kukipima, na muda. Kilichokuwa “vifo ndani ya miezi 12” kikigeuka “kiwango cha protini fulani kwenye damu wiki ya 12”, uliza kwa nini. Mabadiliko mengine yana sababu halali, lakini yakifanyika baada ya data kukusanywa, mshale umechorewa duara ukiwa umeshatua.

Kigezo mbadala, yaani kipimo kinachowakilisha kile tunachokijali hasa, kina historia chungu. Jaribio la CAST lilizipima encainide na flecainide kwa watu waliopata mshtuko wa moyo. Dawa hizo zilituliza mapigo yasiyo na mpangilio, jambo lililodhaniwa lingeokoa maisha. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa mwaka 1989, kwa sababu waliopewa dawa walikufa wengi kuliko waliopewa plasebo. Kipimo kilipendeza, watu wakafa. Ukisoma kigezo kikuu cha utafiti wowote, jiulize kama mgonjwa mwenyewe angekihisi.

Sehemu ya matokeo ndiyo dhaifu, kwa maana ya kumwongoza msomaji. Jedwali la matukio mabaya hujumuisha kila tatizo la kiafya lililotokea wakati wa utafiti, hata kama dawa haihusiki, ndiyo maana kuliita jedwali la “madhara ya dawa” ni kosa. Mchango wa dawa utajulikana kwa kulinganisha safu yake na safu ya plasebo. “Serious” hapo haimaanishi “kali”: ni kifo, hatari kwa maisha, kulazwa, ulemavu wa kudumu, kilema cha kuzaliwa na mengine ya uzito huo. Kichwa kinaweza kuuma vikali sana kisiingie humo. Na matukio yasiyo ya kundi hilo yanaweza kuachwa yasipofikia kizingiti, ambacho hakizidi asilimia 5 ya washiriki. Kizingiti hicho kimeandikwa palepale, kitafute kabla ya kusema “halikutokea”.

“Significant” nayo si “muhimu”. Inasema tu kwamba tofauti kubwa kiasi hicho isingetarajiwa kirahisi kama dawa haikuwa na athari yoyote. Ukiwa na washiriki wa kutosha, hata tofauti ndogo ya shinikizo la damu isiyomsaidia mtu hupata muhuri huo.

Kwa hesabu, chukua NCT04368728, jaribio la chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer na BioNTech. Uchambuzi wa Desemba 2020 ulihesabu wagonjwa 8 kati ya 18,198 waliochanjwa, na 162 kati ya 18,325 waliopewa plasebo. Gawanya 8 kwa 162, toa kwenye 1, unapata kama asilimia 95, ufanisi wa chanjo uliotangazwa. Wengi walielewa kuwa watu 5 kati ya 100 waliochanjwa wataugua. Sivyo: waliougua ni kama 4 kati ya 10,000, dhidi ya 88 kati ya 10,000 upande wa pili, katika muda ule mfupi. Asilimia 95 ni upungufu wa hatari, na kilichohesabiwa ni ugonjwa wenye dalili, si kila maambukizi. Tovuti haikufanyii ufafanuzi huu. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 536 ya 2014 inadai muhtasari wa matokeo kwa lugha nyepesi. Marekani haikulazimisha hivyo, na pengo linaonekana.

Kwa kukagua ahadi za watafiti, hakuna chombo cha bure ninachokipendekeza kabla ya hiki. Kwa anayetafuta tiba, onyo moja: kusajiliwa hapa si kuidhinishwa, na tovuti yenyewe inasema hivyo. Taarifa huletwa na wenye utafiti, na wapo wanaotoza washiriki pesa. Ukiona ukurasa unakufaa, uchapishe, mpelekee daktari wako, na muulize kwanza nani analipia dawa, vipimo, na matibabu endapo utadhurika.