Ziara ya Gereza la Kisiwa cha Robben: Krismasi ya Kikombe cha Ziada

Wengi wanaokata tiketi ya kuvuka kutoka Cape Town hadi Kisiwa cha Robben hufuata jina moja tu, nao hupanga foleni ili wachungulie chumba ambamo Nelson Mandela alifungiwa tangu 1964 hadi alipohamishiwa gereza la Pollsmoor mwaka 1982. Mimi nilikwenda wiki ya Krismasi, na thamani ya nauli yangu niliiona kwa mwongozaji, kwa kuwa ndani ya gereza wageni hutembezwa na watu waliowahi kufungwa humo humo kwa sababu za kisiasa.

Nilimwuliza sikukuu waliilaje. Akatusimamisha mbele ya ubao wa mgao wa chakula, ambao kwangu ndicho kitu kizito kuliko vyote katika jengo lile: Wahindi na machotara walikuwa na fungu lao la mkate, lakini Waafrika hawakuwa na mkate hata kidogo, chakula chao kikiwa mahindi asubuhi, mchana na jioni. Ukishausoma ubao huo, huwezi kukidharau kile kikombe kimoja cha ziada cha kahawa walichopewa wafungwa wa Sehemu B, upande wa gereza alimokuwa Mandela na wafungwa wenzake wa kisiasa, jioni ya Krismasi, wala ruhusa ya kununua peremende kidogo. Siku hiyo pia hawakupelekwa kwenye machimbo ya chokaa, nafuu isiyo ndogo, maana Desemba kule ni kiangazi na mng'ao wa mawe yale meupe uliwaharibu macho.

Saa zilizobaki walizijaza wenyewe kwa kwaya, mashindano ya drafti na sataranji, na maigizo. Katika tamthilia moja ya kale ya Kigiriki, Mandela alikuwa mfalme Creon, yule mtawala mkaidi. Sijui askari waliokuwa zamu walifikiri nini.

Ziara huchukua muda wa saa tatu na nusu hivi, safari ya feri kwenda na kurudi ikiwemo, na sehemu yake ni ya basi linalopita machimboni na kwenye nyumba alimotengwa Robert Sobukwe, mwanzilishi wa chama cha Pan Africanist Congress kilichopinga ubaguzi wa rangi. Kwa hiyo anayetaka habari za maisha ya kila siku ayaandae maswali yake mapema na kuyabakiza kwa ajili ya gerezani. Tiketi za Desemba ziagizwe siku nyingi kabla, na mgeni asipange safari nyingine siku hiyo hiyo, kwa sababu bahari ikichafuka feri haiondoki.