Kasha la mbaazi la kufundishia spishi mpya: linunue, lakini ukurasa wa 12 uandike upya

Maduka mawili matatu ya vifaa vya shule mjini Mtwara siku hizi yanauza kasha la plaiwudi la kufundishia jinsi spishi mpya zinavyotokea. Bei yake ni shilingi 38,000, na walengwa ni kidato cha tano na cha sita. Ndani mna mbaazi nyekundu 200 na nyeupe 200, mifuko miwili ya kitambaa, masinia mawili ya plastiki, vibano vinne, kadi 18 za viumbe na kijitabu cha kurasa 16 kwa Kiswahili. Kijitabu hicho peke yake kinarudisha nusu ya fedha yako, maana mwanafunzi anayefundishwa baiolojia kwa Kiingereza anapata mahali pa kuielewa mada kwanza kabla ya kuikariri. Kifaa ni kizuri. Kosa lake kubwa ni moja, nalo liko mwishoni, pale somo linapotakiwa kuiva.

Zoezi la kwanza linahusu kutengana. Unachanganya mbaazi 40 nyekundu na 40 nyeupe kwenye mfuko wa "bara", kisha unachota nane bila kuangalia na kuzitia kwenye mfuko wa "kisiwa". Hapo hapo darasa linaona jambo ambalo maneno matupu hayalioneshi: wahamiaji nane mara chache huwa sura kamili ya kule walikotoka. Uwezekano wa kupata nne kwa nne ni kama mara 29 katika 100 tu. Mara nyingi kisiwa kinaanza kikiwa kimeshaelemea upande mmoja, hata kabla ya uteuzi asilia (wanaoyafaa mazingira kusalimika na kuzaa zaidi) kufanya lolote.

Baada ya hapo vizazi vinafuatana, na kijitabu kimeacha sentensi moja inayoharibu zoezi zima. Hakisemi kwamba kila punje inayochotwa huandikwa rangi yake na kurudishwa mfukoni kabla ya kuchota nyingine. Mwanafunzi akichota nane kutoka kwenye nane bila kurudisha, atapata zile zile nane milele, na atahitimisha kwamba hakuna kinachobadilika. Basi utaratibu uwe huu: chota moja, andika rangi, rudisha, tikisa mfuko, fanya hivyo mara nane. Orodha ya rangi hizo nane ndiyo kizazi kipya, kwa hiyo badilisha punje za mfukoni zilingane nayo, kisha uanze tena.

Kijitabu kinataka vizazi vitano. Ni vichache. Kwa mfuko wa punje nane zilizoanza nusu kwa nusu, wastani wa kufikia rangi moja tu ni karibu vizazi 11. Kwa mfuko wa punje 80 ni karibu 110. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kuyumba kwa jeni: kundi dogo hupoteza aina zake upesi kwa bahati tu, moja ya nane ya mchanganyiko wake kila kizazi, wakati kundi la 80 hupoteza moja ya themanini. Panga vizazi 15 kwa mfuko wa kisiwa. Kizazi kimoja kinachukua dakika mbili hivi mkono ukishazoea, kwa hiyo vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa vinatosha na kubaki. Gawa darasa katika makundi sita, kila moja na kisiwa chake (mifuko ya ziada hata ya unga inafaa), na matokeo yaandikwe ubaoni kwa pamoja. Visiwa vingine vitaishia vyekundu, vingine vyeupe. Kundi moja likifanya peke yake, wanafunzi wataamini kwamba rangi iliyobaki ilikuwa "bora".

Ukurasa wa 7 unasema kwamba wahamiaji wachache kati ya bara na kisiwa hawana athari. Ufute mstari huo. Mhamiaji mmoja kwa kila kizazi, akizaa, anatosha kuzuia makundi mawili yasiachane kabisa kwa kuyumba peke yake, na hilo ni kweli makundi yakiwa madogo au makubwa. Lijaribuni: kila baada ya kizazi, badilishaneni punje moja ya bara na moja ya kisiwa. Kisiwa kitayumba, lakini rangi iliyopotea itarudi tena na tena.

Ramani iliyochorwa katikati ya kijitabu inatumia Mto Ruvuma kama mpaka unaotenganisha makundi. Mfano ni wa nyumbani na wanafunzi wataupenda, ila mwalimu aulize mara moja: mpaka wa nani? Kiangazi Ruvuma hutoa fungu za mchanga, tembo huvuka, na ndege hawaujui kama ni mpaka. Kwa konokono wa msituni asiyeogelea, mto huo ni kama bahari. Kizuizi hupimwa kwa mwili wa kiumbe na mwendo wake.

Zoezi la uteuzi ndilo lililotengenezwa vizuri kuliko yote. Sinia moja unalijaza mchanga mweupe wa ufukweni, la pili udongo mwekundu kama ule wa Newala, kina cha sentimita mbili. Tawanya punje 40 za kila rangi kwenye kila sinia. Mwanafunzi mwenye kibano ni ndege: anaokota 40 haraka, moja moja, bila kuchagua. Zilizobaki 40 zinazaa, yaani unaongeza punje moja ya rangi ile ile kwa kila iliyosalimika, na sinia linarudi kwenye 80. Punje za akiba zipo za kutosha, mradi zilizoliwa zisipotee sakafuni. Vizazi vinne vinatosha kuona masinia mawili yakielekea pande mbili. Linakwama kwa sababu mbili. Punje nyeupe za kasha hili ni kubwa kuliko nyekundu, kwa hiyo "ndege" anaziona kwa umbo hata pale rangi inapozificha, na kwenye zoezi la mifuko kiganja kinazitambua. Zipitishe kwenye chekecheo uchague zinazolingana, au nunua shanga za saizi moja. Pia usilifanye chini ya mwembe saa sita mchana. Madoa ya jua na kivuli yanaficha kila kitu sawasawa.

Kuhusu uhifadhi: joto la pwani na mbaazi ndani ya plaiwudi ni karamu ya wadudu. Zihamishie kwenye chupa ya maji iliyokauka, jaza hadi shingoni ili hewa ibaki kidogo, funga kifuniko kwa nguvu.

Sasa ukurasa wa 12. Kijitabu kinaagiza masinia mawili yachanganywe, wanafunzi waone rangi mbili, kisha waandike: "Spishi mbili zimetokea." Hapana. Zimetokea rangi mbili. Ufafanuzi wa spishi ambao mwanabiolojia Ernst Mayr aliuweka mwaka 1942, na ambao mtaala wa sekondari bado unauegemea, unauliza swali jingine: makundi haya yakikutana, yanazaliana? Kasha lenyewe lina kadi mbili ambazo zingelijibu swali hilo, lakini kijitabu hakizigusi. Ya kwanza ni ya njule, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa kusini-mashariki mwa Tanzania: walio karibu na pwani wana manyoya meusi zaidi, na kadiri unavyoelekea bara rangi inabadilika polepole. Rangi tofauti, spishi moja. Ya pili ni ya komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi anayeishi misitu michache ya pwani, ikiwemo Rondo na Litipo mkoani Lindi. Kwa macho ya haraka gizani utamchanganya na komba wadogo wengine. Mlio wake wa kuitana ndio unaomtenga, na watafiti wa komba wanazitambua spishi zao kwa milio kabla ya kitu kingine. Hapa sura inakaribiana, lakini kwenye kuchagua mwenzi mlango umefungwa.

Kurekebisha hakuhitaji fedha. Tafuta vibiriti vitupu 20 vya chapa moja. Kumi tia kijiko kimoja cha mchele, kumi tia kijiko cha changarawe, funga kwa gundi ya karatasi. Mwanafunzi aliyefumba macho anatikisa na kupanga jozi kumi za vibiriti "vinavyoitana sawa". Kama angepanga kwa bahati tu, jozi za mchanganyiko zingekuwa tano hivi kwa wastani. Akisikiliza, mara nyingi hapati hata moja. Kisha punguza tofauti: mchele kwa choroko badala ya changarawe. Jozi chotara zinaongezeka. Halafu washa redio kwa sauti kubwa, urudie mchele kwa changarawe, uone.

Jaribio hilo la redio lina mwenzake halisi, nalo limo kwenye kadi ya furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria. Kadi inasema mamia ya spishi za furu yalitokea tangu ziwa lilipokauka na kujaa tena kama miaka 15,000 iliyopita, ni sawa. Ingeongeza kwamba furu jike wa spishi nyingi humchagua dume kwa rangi yake, na kwamba mahali maji yalipochafuka, rangi hazionekani vizuri na spishi zinaanza kuchanganyika tena. Spishi inaweza kufumuka ikiwa kinachoitenga ni macho tu.

Kadi ya silikanti ibadilishwe. Inasema samaki huyo "hajabadilika". Silikanti walio hai ni spishi mbili: yule wa upande wetu, aliyetambuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 na kuvuliwa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, na yule wa Indonesia, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1999, mwenye rangi ya kahawia badala ya buluu. Bahari nzima iliwatenga, na wakaachana.

Mimea imesahauliwa kabisa, na ni hasara, kwa kuwa huko spishi mpya inaweza kutokea kwa vizazi viwili tu bila mto wala kisiwa. Kadi moja ya ngano ingetosha: ngano ya kale yenye kromosomu 28 ilichavushwa na nyasi mwitu yenye 14, chotara akapata 21 ambazo haziwezi kupata wenza wa kupangana nao jozi mmea unapotengeneza chembe za uzazi, kisha idadi ikajirudufu ikawa 42. Hiyo ndiyo ngano ya mkate. Ikichanganywa na mzazi wake yeyote, uzao unarudi kwenye kromosomu zisizo na wenza. Andika kadi hiyo kwa mkono na uiweke ya 19.