Mlonge, mchicha na kanzidata za mimea: uzoefu wangu Tabora

Nauza mboga za kukausha hapa Tabora mjini: nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), majani ya maboga na unga wa mlonge. Mteja akishika pakiti ya mlonge, kabla ya bei anauliza inatibu nini. Sokoni majibu hayakosekani, kisukari, presha, nguvu za kiume. Mimi sitaki kumuuzia mgonjwa maneno, ndiyo maana nikaanza kuzitumia kanzidata za mimea na virutubisho zilizoko mtandaoni bure.

Nilianza na ya Dr. Duke, iliyojengwa na James Duke, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani aliyefariki 2017. Unaandika jina la kisayansi, kwa mlonge ni Moringa oleifera, inakuletea kemikali zake na sehemu zilipopatikana: jani, mbegu au mzizi. Ukibonyeza kemikali, unaona kazi zake. Hapo uwe makini sana. Kwersetini, mojawapo ya kemikali za mlonge, ina orodha ndefu ya kazi, lakini imo pia kwenye vitunguu maji vinavyokaangwa kila nyumba. Kazi nyingi za aina hiyo zimepimwa maabara au kwa wanyama, siyo kwa mtu aliyekula mboga. Mimi natazama kwanza safu inayoonyesha kiwango cha kemikali. Ikiwa tupu, simwambii mteja lolote kuhusu kemikali hiyo. FooDB, kanzidata ya Kanada ya kemikali za vyakula, nayo ina kemikali nyingi zinazodhaniwa zimo bila kupimwa.

Iliyonifaa zaidi ni FoodData Central, pia ya Marekani, kwa sababu inatoa vipimo. Mama mmoja alikuja kumchukulia mumewe mlonge.

"Mzee anatumia dawa gani, mama?"

"Ile ya kuzuia damu kuganda, mwanangu. Warfarini."

Warfarini inafanya kazi kwa kuizuia vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda. Mgonjwa akiongeza mboga za majani ghafla, dawa inapungua nguvu. Akiziacha ghafla, anaweza kuvuja damu. Nikamfungulia simu tukasoma pamoja: gramu 100 za mchicha mbichi zina vitamini K maikrogramu 1,140 hivi, za kabichi 76 tu. Mezani kwetu zote ni mboga za majani! Nikamwomba aende kwanza kliniki ya mzee na pakiti mkononi, na asimbadilishie mboga alizozoea. Siku hiyo sikumuuzia.

Upungufu upo. Utapata majani ya kunde mabichi na ya kuchemsha, lakini yaliyoanikwa juani kama nsansa yetu sikuyaona. Maji yakitoka, madini kwa kila gramu yanaongezeka, huku jua likipunguza vitamini C na ile rangi ambayo mwili huigeuza vitamini A. Kwa hiyo huwezi kunakili namba ya jani bichi ukaibandika kwenye pakiti. Kwa vyakula vyetu fungua pia jedwali la vyakula vya Tanzania la 2008, lililoandaliwa na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Ni faili la PDF. Lipakue mtandao ukiwa mzuri, utalisoma hata bando likiisha.

Pakiti zangu sasa zina jina la mmea, sehemu iliyotumika, tarehe ya kukausha, na mstari mmoja kwa wanaotumia warfarini: muone daktari kabla ya kuanza kutumia.