Kuchagua Programu ya Kuchorea Majahazi Madogo ya Mfano

Anayeunda jahazi dogo la mfano hapa Lamu huanza kazi bila ramani. Mafundi wa kijiji cha Matondoni huunda kwa jicho, kamba na uzoefu wa miaka mingi, hivyo anayetaka kulinakili jahazi kwa uwiano wa 1 kwa 20 hana budi kupima mwenyewe mkuku (uti wa chini), omo (mbele), tezi (nyuma) na mataruma (mbavu za jahazi), kisha avigeuze vipimo hivyo kuwa mchoro. Nimejaribu programu tatu za bure kwa kazi hiyo, kwenye kompyuta ya mkononi ya zamani yenye RAM ya GB 4, na nimezipima kwa jambo moja: mchoro ukishachapishwa na kubandikwa juu ya plaiwudi ya milimita 3, je, taruma lililokatwa linakaa mahali pake?

LibreCAD ndiyo niliyoitumia zaidi. Huchora pande mbili tu, yaani michoro bapa, na sura yake ni ya kizamani, lakini ni nyepesi, haihitaji intaneti ikishapakuliwa, na hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Nusu ya taruma huchorwa upande mmoja wa mstari wa katikati, kisha huakisiwa upande wa pili, na kila taruma huwekwa kwenye tabaka lake ili yalinganishwe yakiwa yamepandiana. Mkunjo wa taruma huchorwa kwa splaini, jina lililotokana na fito nyembamba ambazo wachoraji wa meli wa zamani walizikunja na kuzishikilia kwa vipande vya risasi. Ajuaye kukunja ufito kwa mkono ataielewa zana hii haraka kuliko mhitimu wa chuo. Splaini ikipewa nukta nyingi mno hujaa mawimbi, na mbao za ubavuni huyafuata mawimbi hayo, kwa hiyo nukta 5 au 6 kwa nusu ya taruma zinatosha.

FreeCAD huchora pande tatu, yaani umbo zima lenye kina, nayo ina nguvu ambayo LibreCAD haina: ukibadilisha kipimo kimoja, sehemu zote zinazokitegemea hubadilika nacho. Zamani mabadiliko hayo yaliweza kuvuruga mchoro mzima, kwa sababu programu ilipoteza hesabu ya nyuso za umbo ambazo hatua za baadaye zilizitegemea. Toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, limepunguza sana kasoro hiyo. Hata hivyo, ganda linalopitishwa juu ya mataruma hujisokota endapo mataruma hayo hayana idadi sawa ya vipande vya mistari, na kwenye kompyuta yangu kila badiliko lilinipa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. DELFTship, ambayo toleo lake la bure ni la Windows, imetengenezwa mahususi kwa maganda ya vyombo vya majini, nayo hulainisha ubavu vizuri kuliko zote, ila mtu huvuta nukta za wavu unaolifunika umbo badala ya kuandika vipimo, jambo linalomsumbua anayetaka kufuata vipimo alivyopima ufukweni. Fusion, programu nyingine ya kuchora, niliiacha, kwa kuwa leseni yake ya bure huruhusu michoro 10 tu inayoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja, na inataka intaneti mara kwa mara.

Hasara kubwa niliyoipata haikutoka kwenye programu yoyote. Duka moja la kuchapisha lilikuwa limeiacha printa yake kwenye mpangilio wa kuibana picha iingie ukurasani, na mataruma 7 yakatoka madogo kuliko yale ya karatasi za awali. Tangu siku hiyo kila ukurasa wangu una mstari wa milimita 100, nami huupima kwa rula kabla ya kulipa. Jahazi la mita 12 huwa sentimita 60: taruma moja huingia kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, ila umbo la ubavuni huhitaji karatasi 3 za kuunganishwa, na hapo ndipo kosa dogo la printa hujizidisha.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni LibreCAD kwa mataruma na mkuku; FreeCAD aiendee atakapokuwa na kompyuta yenye nguvu na subira ya majuma kadhaa. Mlingoti na foromali (boriti linaloshikilia tanga) havihitaji programu hata moja, kwani urefu na unene vikiandikwa pembeni mwa karatasi vinatosha, na tanga hukatwa kitambaani baada ya foromali kuwekwa mahali pake.