F1 TV: kama unafuata vita vya madereva wa timu moja, lipia tu

Watu wananiuliza sana kama F1 TV, huduma ya kulipia ya kutazama mbio za magari za Formula 1 mtandaoni, inafaa au ni kupoteza hela, mi nasema inafaa, ila inategemea wewe unafuata nini. Kama unataka tu kujua nani kashinda haikuhusu, matokeo yapo bure kila mahali. Mi nafuata vita vya wawili wa timu moja, gari lile lile, injini ile ile, hakuna pa kusingizia, na kwa mtu wa hivyo sijaona kitu kingine kinachoifikia hii.

Utamu wake ni kwamba ukiwa na kifurushi cha mbio za laivu unachagua dereva mmoja unakaa naye mwanzo mwisho, kamera ya kwenye gari lake na redio yake na injinia wake. Matangazo ya kawaida yanakukatia vipande vya redio, tena vimeshachelewa, hujui kabla yake walisemeshana nini.

Chukua mbio za Hungary 2024. Kwenye matokeo utasoma Oscar Piastri kapata ushindi wake wa kwanza, mwenzake Lando Norris wa pili, timu yao McLaren wamefurahi, basi. Sasa kaa kwenye gari la Norris uone ilivyokuwa! Timu ndo ilimwita abadili tairi kwanza, akajikuta mbele ya mwenzake, halafu wakaanza kumwambia arudishe nafasi, na jamaa anazidi kukanyaga tu, injinia anambembeleza mzunguko baada ya mzunguko, mpaka anamwambia ubingwa hataupata peke yake, atamhitaji Oscar na timu, na Norris kaachia ikiwa imebaki mizunguko michache kabisa. Ile bembeleza yote ndo mbio yenyewe, na ukiwa kwenye TV ya kawaida nusu yake imekupita.

2025 ndo nilielewa kwa nini nalipia. Huku Kanada ninakoishi, pale Montreal, Norris alimgonga Piastri kwa nyuma kwenye mstari ulionyooka wakigombea nafasi ya 4, gari lake likaishia ukutani, na hapo hapo kwenye redio akasema kosa ni lake. Nilimheshimu sana kwa hilo. Halafu Monza, kule Italia, Norris akacheleweshwa kwenye kubadili tairi, timu ikamwambia Piastri amrudishie nafasi ya 2, akalalamika kwamba kuchelewa pale ni sehemu ya mbio, ila akatii. Mi nilikuwa upande wake na bado niko upande wake. Mwisho wa msimu Norris bingwa kwa pointi 423, Verstappen wa timu ya Red Bull 421, Piastri 410. Pointi 2 jamani! Wawili wakinyang'anyana ndani ya nyumba moja, yule wa jirani karibu aondoke na kombe.

Upungufu upo. Huduma ilianza 2018, kwa hiyo mbio za kabla ya hapo zipo kwenye hifadhi lakini kama zilivyorushwa tu, hizo kamera za kuchagua dereva hakuna. Inauma maana vita vikubwa kabisa ni vya zamani, Prost na Senna wa McLaren pale Suzuka, Japani, 1989, au Hamilton na Rosberg wa Mercedes 2016. Hata hivyo Spain 2016 itazame tu, mzunguko wa kwanza, angalia taa nyekundu nyuma ya gari la Rosberg inavyowaka na kuzima kwa sababu injini ilikuwa kwenye mpangilio usio sahihi na nguvu imepungua, Hamilton akaona upenyo kulia, Rosberg akaufunga, Mercedes zote mbili kwenye kokoto na Verstappen wa miaka 18 akashinda. Mwaka huo Rosberg alichukua ubingwa kwa pointi 5, na siku 5 baadaye akastaafu.

Kiswahili hakuna, na natamani sana kiwepo, watangazaji wetu wa mpira wangeitendea haki redio ya Hungary.

Mlioko nyumbani angalieni kwanza nchi yenu inaruhusiwa kifurushi gani maana sio kote kuna laivu, huko laivu iko SuperSport. Anza na malipo ya mwezi usikimbilie ya mwaka, na cha kwanza kufungua kiwe hiyo Hungary 2024, gari la Norris, kuanzia anapotoka kubadili tairi mara ya mwisho.